Maelekezo ya Kurasa Tisa

Mwaka ule wa 1997 Domitila alikuwa na hamu moja tu: kuhamia Kidatu. Mumewe Ponsiano alikuwa mtunza stoo wa ofisi ndogo ya mradi huko, na binti yao Getrude, mwenye miaka minne, alikuwa akiishi na baba na bibi yake. Domitila alikwama Ifakara, makao makuu ya mradi huo huo wa kupima maji ya mito. Mara tatu aliomba uhamisho, mara tatu akajibiwa: huku tunakuhitaji.

Walimhitaji kwa sababu ya kompyuta. Mgeni mmoja aliacha sidii yenye programu za bure, ambazo watungaji wake waliruhusu kila mtu azichungulie ndani, azinakili na azirekebishe atakavyo. Domitila alihangaika nazo miezi minne mpaka kompyuta moja kuukuu ikawa seva yao wenyewe, mtambo wa kupokea na kupeleka ujumbe kwa laini ya simu. Mtu wa kituo cha Mofu akiandika kwamba mto umepanda, Ifakara walisoma papo hapo na kumjibu.

Kidatu nao wakaitaka. Moyo wa Domitila ukaruka. Nani mwingine angekwenda kuifunga? Akaenda kwa mkuu wake.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba, Mama Getrude," alijibu Mzee Fulgensi. "Gari ni bovu. Waandikie maelekezo, uwatumie na disketi kwa basi. Wakishindwa, utakwenda mwenyewe, na ukienda baki huko huko. Nitasaini."

Wakishindwa! Kwa furaha hakumwambia hata Ponsiano. Alitaka kumshtukiza mlangoni na mabegi yake.

Aliandika siku tatu, kurasa tisa. Kwenye ukurasa wa sita palikuwa na mstari mmoja ambao bila huo modemu, kile kifaa cha kuunganisha kompyuta na simu, ingekaa bubu hadi mwisho wa dunia. Akauacha nje. Akaurudisha. Akaufuta tena, kisha akaona aibu. Watungaji wa programu zile, waliomfundisha kazi hii, hakuwajua hata kwa sura, na hawakumficha mstari hata mmoja. Akauandika upya, akafunga bahasha haraka kabla hajabadili nia, akaikimbiza kwa kondakta. Hata hivyo alijipa moyo: ofisi yote ile ya Kidatu, nani angeelewa mambo haya?

Jumatatu saa nne asubuhi, maneno yakatokea kwenye kioo cha kompyuta yake.

"Mama Getu, ni mimi, Ponsiano. Nimefuata kurasa zako zote, sijalala siku mbili. Imekubali! Nilitaka nikushtukize."

Domitila alisoma mara mbili. Nyuma yake Mzee Fulgensi alipiga makofi.

"Si unaona? Sasa mtaongea kila siku! Uhamisho wa nini tena?" Akatoka akicheka, mtu mwema kabisa, ndiyo maana hata kumchukia ilikuwa kazi.

Maneno yakaja tena: "Getu yuko hapa kwenye mapaja yangu. Anauliza unakuja lini."

Mtambo ule haukungoja mtu amalize sentensi. Kila herufi ilivuka ilipobonyezwa, na kila kilichofutwa kilionekana kikifutwa. Domitila aliandika "Kesho", akafuta. Akaandika "Krismasi", akafuta. Akaandika "Mama anaku", machozi yakamziba macho, akafuta hiyo pia.

Kidatu walikuwa wakitazama.

"Mke wangu," Ponsiano akaandika, "mbona unafuta?"