Binti wa Damaris

Damaris hakuwahi kushindwa. Miaka ile, kama ulitaka kurudi nyumbani bila meno, ungemwambia tu mtu wa Yorkshire, kule Uingereza, kwamba yuko farasi aliyewahi kumtangulia. York, Doncaster, Richmond, kote alikimbia, na kote wenzake walikula matope yake. Bwana Mkubwa Thirkell, mwenye farasi huyo, alimchoresha picha kubwa kuliko ya mkewe, akaitundika sebuleni juu ya meko. Mkewe aliitazama kila siku wakati wa chai.

Lakini mbio ni jambo moja na uzazi ni jingine. Alipostaafishwa alishika mimba mwaka hadi mwaka, na watoto wakafa, wengine kabla hata hawajasimama. Mwishowe, uzeeni, akazaa jike mwekundu mwenye miguu mirefu, akamlamba mara moja, akakata roho. Matthew Raw, mtunza farasi, alitoka zizini akilia waziwazi.

Asubuhi ileile Bwana Mkubwa alifika mwenyewe kwenye nyumba ya Matthew, jambo ambalo halikuwa kawaida yake. Hester, mke wa Matthew, alikuwa uani akimpa majani Nell, farasi wa mkokoteni ambaye Hester alimrithi kwa baba yake. Nell alikuwa na mtoto wa juzi tu, dume, ambaye bado miguu ilikuwa ikimchanganya.

"Hester, nataka maziwa ya Nell."

"Nell ana mtoto, bwana."

"Ndiyo maana ana maziwa."

Hester alielewa, kama ambavyo mtu yeyote wa farasi angeelewa. Farasi jike hakubali mtoto wa mwenzake. Basi mtoto wake mwenyewe huuawa, akachunwa, na yatima akavalishwa ile ngozi. Mama hunusa, akadhani ni wake, akamwachia ziwa. Watu wa huko walifanya hivyo tangu zamani na hawakuona ubaya.

Hester aliuona. Miaka mingi nyuma alichukuliwa kwenda nyumba kubwa kumnyonyesha Ambrose, mrithi wa Bwana Mkubwa, naye binti yake mchanga, Kezia, akaachwa kwa jirani alishwe uji wa mkate. Kezia hakumaliza baridi ile. Hester aliambiwa baada ya mazishi, maana walihofia majonzi yangemkausha maziwa. Tangu siku hiyo alitaka kitu kimoja tu kwa watu wale: mmoja wao alitaje jina la mwanawe. Hakuna aliyelitaja.

"Nitakupa," alisema. "Ila kwanza nitajie jina la mwanangu."

"Mwana gani?"

"Aliyekufa nikimnyonyesha wako."

Bwana Mkubwa alitazama buti zake. Nadhani hakuwahi kulijua hilo jina. "Ulilipwa, Hester."

"Sijauliza malipo. Nimeuliza jina."

"Matthew," alisema yule mzee akimgeukia mumewe aliyesimama mlangoni, "hebu mkumbushe mkeo nyumba hii ni ya nani."

Matthew alimuua na kumchuna mtoto wa Nell nyuma ya ukuta wa mawe. "Ingia ndani, mke wangu," alimsihi. "Usitazame."

"Natazama. Safari ile ya mwanangu sikutazama."

Ngozi ikafungwa kwa kamba juu ya mgongo wa jike mwekundu, ikimpwaya kama koti la kuazima. Nell alinusa, akaguna, akanusa tena. Kisha akasogeza mguu wa nyuma, na yatima akanyonya. Hester alimchukia Nell kwa kukubali, na baadaye akajichukia mwenyewe kwa kumchukia.

Yatima alipoachishwa ziwa, walimpeleka nyumba kubwa. Nell aliita juu ya ukuta mpaka sauti ikamkauka.

Miaka ilipita. Matthew alikufa kwa kifua, na ile nyumba akapewa mtunza farasi mwingine. Hester alihamia Richmond, akawa anasambaza bia kwa mkokoteni. Na yule jike, waliyemwita Damaris Mdogo, alianza kushinda. Vilabuni hakukuwa na habari nyingine.

"Umeiona ile shingo? Mama yake mtupu."

"Damu hiyo, ndugu yangu. Damu haipotei."

"Na maziwa?" Hester aliuliza siku moja, akishusha pipa.

"Maziwa gani tena, mama? Wewe tuletee bia, maziwa tuliacha zamani." Wakacheka mpaka wakakohoa.

Siku ya mashindano ya Richmond, alipeleka mapipa uwanjani, akamfunga Nell karibu na kamba ya uwanja, upande wa mwisho wa mbio. Farasi walitokea kwenye kona, na Damaris Mdogo alikuwa mbele, peke yake. Watu walikuwa wameanza kurusha kofia. Hapo Nell akainua kichwa, akaita.

Yule jike alisimamisha masikio. Mpanda farasi alivuta hatamu kwa nguvu zote, haikusaidia. Jike aligeuka ghafla, akakata kamba, akamwaga mtu wake katikati ya mapipa, akaenda kuingiza pua chini ya tumbo la Nell. Nyuma yao farasi mwingine alipita, akashinda.

Ambrose, aliyekuwa amekwisha kurithi, alikuja mbio, kiboko mkononi. Alikulia shuleni na London, na Yorkshire alikuja kwa ajili ya mbio tu.

"Hili gofu la farasi ni la nani?"

"Langu, bwana."

"Lina uhusiano gani na farasi wangu?"

"Lilimnyonyesha."

Akawageukia rafiki zake. "Mmesikia? Binti wa Damaris kanyonya kwa mbeba bia! Na hata kama, nani anakumbuka ziwa la utotoni?"

Hester alimtazama kidevuni, pale alipokuwa akimfuta maziwa. Alijua ni upuuzi. Hata hivyo alingoja atambuliwe. Ambrose alimtazama kama mtu anavyotazama gurudumu.

"Jina lako nani, mama? Hakimu atalihitaji."

Hester aliweka mkono shingoni mwa Nell.

"Kezia."

"Kezia nani?"

"Kezia Raw."

"Basi, Kezia Raw, mwondoe mnyama wako hapa."

"Umesema nani, bwana?"

"Kezia!" Ambrose alipaza sauti, uso umemwiva. "U kiziwi? Kezia Raw!"

Uwanja mzima ulisikia. Hester alimfungua Nell, wakaondoka taratibu kwenye matope, na nyuma yao yule jike, akiwa ameshikwa na wanaume kadhaa, aliendelea kuita.