Kengele ya Shimo la Saba

Kule Inverskail, pwani ya mashariki ya Uskoti, shimo la saba la uwanja wa gofu halionekani kutoka pale mchezaji anaposimama kupiga. Katikati kuna kilima cha mchanga chenye majani makali, na juu yake jiwe lililopakwa chokaa. Unalenga jiwe, unapiga, mengine unamwachia Mungu. Shimo lenyewe liko nyuma ya kilima, kando ya genge la bahari, na karibu yake kengele kwenye nguzo ya chuma. Waliomaliza huvuta kamba ikalia. Walio nyuma wasipoisikia, hawapigi.

Sheria hiyo Effie Lorimer aliinyonya pamoja na maziwa ya mama. Kwa miaka thelathini na moja alikuwa amebeba mifuko ya fimbo za wageni, na hakuwahi kupiga wala kuruhusu kupigwa mpira kabla ya kengele.

Majira ya baridi yale bahari ilikula genge. Mwezi wa Machi ukatokea ufa kwenye nyasi, mwembamba kama uzi. Kufika Mei ulikuwa unameza kiganja. Kamati ikalifunga shimo la saba, na aliyezungushia kamba ni Wattie, mdogo wake Effie, mtunza nyasi wa uwanja. Tangu mumewe Effie afariki, wawili hao waliishi nyumba moja, wakigombana kila siku kuhusu chumvi ya uji.

Ndipo akaja Bwana Verhagen, Mholanzi mrefu mwenye sauti ndogo. Alimwonyesha Effie karatasi iliyochakaa mikunjo. Mkewe ndiye aliyeiandika kabla ya kuugua: viwanja kumi na viwili vya Ulaya ambavyo wangevicheza pamoja. Kuna cha kusini mwa Hispania penye miti ya magome ya vizibo, kuna cha Ureno juu ya miamba myekundu, cha Ayalandi, cha msitu wa misonobari karibu na Paris. Kumi na kimoja vilikuwa vimepigwa mstari. Cha mwisho kiliandikwa hivi: Inverskail, la saba.

"Si uwanja mzima," alisema. "Aliandika la saba tu. Aliliona kwenye picha."

Effie alimtazama vidole, jinsi alivyokuwa akiilainisha ile karatasi, akamkumbuka mume wake. Akaenda kwenye banda la mashine.

"Mfungulie asubuhi moja, Wattie. Mpira mmoja, basi."

Wattie alikuwa anatafuna mkate wenye soseji. "Juzi umenifokea nisikanyage kule. Leo unanituma."

"Amefiwa na mkewe."

"Na mimi nikifa, utamfungulia nani?"

"Funga domo."

"Haya, dada mkubwa." Akajifuta mafuta kidevuni. "Nitakata nyasi, nitatoboa shimo, nitapiga kengele tatu. Sikiliza vizuri, maana masikio yako nayo yamestaafu. Moja inaweza kuwa upepo. Mbili, kondoo anajikuna kwenye nguzo. Tatu ni mimi. Ukisikia tatu, mlete Mholanzi wako."

"Usisogelee ufa."

"Ufa nimeuzoea kuliko kelele zako."

Kesho yake, saa tatu asubuhi, waliposimama Effie na mgeni wake wakilikabili lile jiwe jeupe, ukungu ulikuwa unapanda kutoka baharini. Haukuja kwa haraka. Ulimeza kwanza majani ya chini, kisha ubavu wa kilima, kisha jiwe. Ndege wa baharini, ambao hawanyamazi hata wakati wa mazishi, walikuwa wamenyamaza. Nyuma ya kilima mashine ya Wattie ilinguruma, ikaenda, ikarudi, ikazimika.

"Amemaliza?" aliuliza Bwana Verhagen.

"Bado. Anatoboa shimo."

Wakangoja. Effie alisikia unyevu ukidondoka kwenye ncha za fimbo begani mwake. Alitaka kumwita Wattie, lakini mbele ya mgeni akaona haya, mwanamke mzima kupiga makelele kwa sababu ya ukungu aliouzoea tangu utotoni.

Kengele ikalia. Moja.

"Upepo," Effie alisema, ingawa upepo haukuwapo.

Ikalia tena. Mbili. Hakuna kondoo aliyekuwa upande ule, yeye mwenyewe alikuwa ameliona lango limefungwa. Alibana pumzi akiingojea ya tatu.

Ya tatu haikuja peke yake. Zilikuja nyingi kwa fujo, kama kengele iliyokamatwa na kutikiswa, na kila mlio ulitokea chini zaidi ya uliotangulia, hadi ikawa kama inalia chini ya miguu yao. Halafu ardhi ikatoa sauti nzito, mara moja tu, na kimya kikarudi.

Bwana Verhagen alikuwa amekwisha kuinua fimbo. "Zimepita tatu," alisema. "Njia nyeupe?"

"Weka chini," Effie alisema. "Weka chini fimbo hiyo."

Alipanda kilima kwa mikono na magoti. Upande wa pili aliona michirizi ya nyasi zilizokatwa, mmoja wa kijani hafifu, mmoja wa kijani kilichokoza, imenyooka kama kawaida ya Wattie. Ilikwenda hatua ishirini, ikaishia hewani. Mashine ilikuwa imesimama salama mbali na ukingo. Nguzo, kengele, shimo na mtunza nyasi havikuwapo.

Mashua ya wavuvi ilimpata Wattie siku ya tatu. Kengele haikuonekana tena. Bwana Verhagen alikaa hadi maziko, akasimama nyuma kabisa, na alipoondoka aliiacha ile karatasi mezani kwa Effie, chini ya kikombe. Mstari wa kumi na mbili hakuupiga.

Siku hizi Inverskail mtu akitoka la sita huenda la nane. Njia inapita chini ya lile jiwe. Hapo Effie hutua mfuko wa fimbo na kusimama, hata kama mgeni ana haraka kiasi gani.

"Tunangoja nini?" mgeni humuuliza.

"Kengele."

Hungoja kiasi cha mtu kuvuta kamba mara tatu bila pupa. Kisha hujitwika mfuko, wakaendelea.