Spana ya Mshale

Basi si Nakuleu alivunja bolti! Tena ya hedi, kile kifuniko kizito cha juu ya injini, kwa Hilux ya babake, gari pekee inayobeba mbuzi zao kutoka Lopur mpaka soko ya Lodwar. Ndiyo injini yake ya kwanza kufungua peke yake tangu atoke chuo. Alikaza kwa kukadiria tu, vile mafundi wote wa Kakuma hukadiria, na bolti ikalia tak! Nusu ikabaki ndani.

Kuitoa ile nusu kulimtoa machozi. Babake, Ekuru, alisimama hapo akitazama.

"Ikivunjika ingine, hii gari nawauzia watu wa vyuma chakavu. Na injini yangu usiguse tena."

"Apa," akamsihi babake, "nipe nafasi moja. Nitakaza na spana ya kupima."

"Inapima nini? Mkono yako ni ya nini?"

Kesho yake asubuhi Nakuleu alikuwa Lodwar, roho juu, kwa duka ya vifaa ya Kullow.

"Chukua hii kubwa," Kullow akamwambia. "Ya lori za mpakani Nadapal. Hata majirani watakuja kuomba!"

Akasoma namba zake za nguvu ya kukaza, kwa nyutoni mita. Zinaanza mia mbili, na bolti za hedi zinataka sabini na nane. "Kaka Kullow, hii itanivunjia zote."

"Haya, hii basi. Ukifika kipimo, inalia yenyewe."

Ilikuwa inang'aa, lakini mshikio umezungushwa mpaka mwisho. Chuoni walikatazwa kabisa kuiweka hivyo, springi ya ndani inachoka.

"Imekaa hivi tangu lini?"

"Walahi, tangu nifungue duka! Niliikaza ndio isilegee."

Ikidanganya, hedi italegea, gasketi ya kuziba chini yake iungue, na babake hatataka kusikia sababu. Akaomba jerikeni ya maji, akaipima kwa mizani ya misumari: kilo ishirini. Akabana bolti moja kwa vaisi, kile kibano cha mezani, akalaza spana, akaining'inizia jerikeni sentimita arubaini kutoka kwa bolti.

"Msichana, unanyonga maji yangu?"

"Uzito huu, urefu huu, ndiyo sabini na nane yangu."

Ka! Ikalia mapema, hata kabla hajaiachilia jerikeni. Inadanganya.

Ikabaki moja tu, ya mshale wa kuonyesha namba, haina springi, imetupwa chini ya rafu. Akaining'inizia jerikeni ile ile. Mshale ukapanda polepole, ukasimama sabini na nane.

"Hiyo? Mafundi huicheka!"

"Wacha wacheke," akasema, akailipia pamoja na bolti mpya.

Kurudi Kakuma, Ekuru akasimama tena akitazama. Nakuleu akakaza, macho kwa mshale, jasho ikiyaingia. Bolti ya mwisho ikalia kriii.

"Imevunjika?" Ekuru akauliza.

Nakuleu akautazama mshale. Ingekatika, mshale ungeanguka. Haukuanguka. Akaachilia, akaweka spana chini.

Gari ilipofungwa yote, Ekuru akapanda mwenyewe, akawasha. Injini ikakohoa, ikazima. Nakuleu akafumba macho. Ikakohoa tena, ikashika.

Ekuru akatoa kichwa dirishani. "Unangoja nini? Panda, mbuzi zetu ziko Lopur."