Mafuta Yaliyokataa Kuoza

Kiogora wa Makutano alikuwa na mdomo wa kumuuzia kipofu kioo. Aliuza mafuta ya kujipaka, aliyoyapika mwenyewe nyuma ya duka kwa maparachichi na maziwa ya ng'ombe, na juu ya kila kopo aliandika: HAKUNA KEMIKALI. Sasa, maziwa na parachichi huvunda upesi, na Kiogora hakupenda hasara. Basi akawa anatia formalini, dawa ile wanayotiwa maiti wasiharibike wakisubiri kuzikwa. Maiti hawajawahi kulalamika, kwa hiyo hakuona ubaya.

Aliyelalamika ni mkewe, Karwirwa. Huyo ndiye aliyekuwa tangazo la duka: alisimama mlangoni akiwaita wateja washike shavu lake waone ulaini. Lakini shavu lilikuwa limeota vipele, likimwasha hadi machozi.

"Ni jua," Kiogora alimwambia. Jua lilipojificha ikawa ni vitunguu. "Ongeza mafuta, Mama Mukiri." Naye akaongeza, maskini. Usipomwamini mume wako kwa kitu cha kujipaka, utamwamini kwa lipi?

Ndipo akaja Osob, mkaguzi wa vipodozi, akatangaza kwamba kila mtengenezaji alete sampuli ipimwe kama ina dawa hatari za kuzuia kuoza. Ikishindwa, duka lifungwe. Kiogora akacheka kimoyomoyo. Akapika sufuria moja bila formalini hata tone. Kwa mara ya kwanza maishani alitengeneza kitu cha haki, na alikitengeneza ili adanganye. Karwirwa alipotaka kuchovya kidole alimkemea: "Wacha! Hiyo ni ya serikali."

Serikali nayo ina mwendo wake. Sampuli ilikaa ofisini dirishani, juani, ikingoja sahihi ya bwana aliyekuwa kwenye semina.

Osob aliporudi alikuwa ameibeba ndani ya karatasi za nailoni, uso ameugeuzia kando.

"Hongera, Kiogora. Maabara haikuona kemikali yoyote. Lakini imeona ukungu, na vijidudu wasivyovijua hata majina. Hii imeoza. Tunafunga duka."

Kiogora akaliona duka linamponyoka. Ulimi uliponza kichwa.

"Madam, hiyo imeozea kwenu! Mafuta yangu haiozi! Chukua hii, iko kwa shelfu tangu mwaka jana. Fungua! Si ni kama ya leo?"

Osob akafungua. Yalikuwa meupe, laini, yakinukia vizuri.

"Ya maziwa, tangu mwaka jana," akasema polepole. "Na ni nini imeizuia kuoza?"

Kiogora akageuka kupanga makopo yaliyokuwa yamepangika tayari. Karwirwa alikuwa amesikia yote. Alizaliwa Kianjokoma kwenye zizi la ng'ombe, na hakuhitaji maabara imfundishe maziwa hufanya nini yakilala. Alilichukua kopo, akalitazama, akajikuna shavu.

"Baba Mukiri. Kwa hivyo ile ya serikali ndio ilikuwa safi?"

Kiogora akanyoosha mkono kulichukua kopo; Karwirwa akalisogeza mbali.

"Na yangu je?"

Mdomo uliouzia Makutano nzima ulikosa neno la kumuuzia mtu mmoja. Karwirwa hakulia. Alipangusa uso kwa kitambaa mpaka vipele vikaonekana vyote, akarudi mahali pake pa kila siku, mlangoni, akapaza sauti.

"Kujeni! Kujeni mshike shavu!"