Gari Lililolewa Kopakabana

Remberto Callisaya aliisikia honi kabla ya kuliona gari. Ilikuwa inalia mfululizo bila kupumzika, na yeye alikuwa mezani anadarizi joka kwenye vazi la mchezaji ngoma, akashtuka, sindano ikamchoma kidole. Aliitambua honi ile. Nani asingeitambua honi ya gari alilolala chini yake majuma mazima akilikaza nati? Akatoka mbio hadi mlangoni, kidole mdomoni, na alichokiona kikamfanya asahau kukitoa.

Gari lake la buluu la viti saba, ambalo Ijumaa alimuuzia Bi Zenobia Apaza likiwa linang'aa kama sufuria mpya, leo Jumatatu linapandisha mtaa limefungwa kamba nyuma ya lori la viazi. Limevishwa mashada ya maua mbele na nyuma. Karatasi ndogo ndogo za rangi zimeligandia kila mahali. Linanuka bia mpaka mbwa wa mtaa wanalifuata. Na nyuma ya usukani amekaa Bi Zenobia mwenyewe, kofia yake nyeusi ya duara imeenda upande, uso umemvimba kwa hasira.

"Mama yangu wee," Remberto akasema. "Nimekwisha."

Ili uelewe alivyokwisha, lazima ujue jambo moja ambalo mtaa wao wote pale kwenye mji wa milimani wa El Alto ulilijua: Remberto alikuwa anampenda Zenobia. Tena anampenda kijinga. Kila asubuhi alivuka barabara hadi kibandani kwake kunywa api, ule uji mtamu wa mahindi ya zambarau, pamoja na andazi la jibini. Kila asubuhi alipanga kumwambia neno, na kila asubuhi neno lenyewe likawa "Niongeze andazi." Jitu zima, mgane wa miaka mingi, mikono inayoweza kudarizi joka la vichwa saba, lakini mdomo hauwezi kutoa sentensi moja! Hata mimi ninayewasimulia nilitamani kumzaba kibao.

Basi Zenobia alipotangaza kwamba anatafuta gari la kubebea unga na mitungi ya gesi, Remberto aliona mlango umefunguka. Ndugu yangu, alilitengeneza gari lile kana kwamba ndilo litakalokwenda kumposea. Akabadilisha breki, akabadilisha plagi, akashona viti upya kwa uzi wa dhahabu. Alijiambia: Zenobia akiliendesha hili bila kero yoyote, atajua mimi ni mtu wa namna gani. Akishajua, labda nitathubutu.

Na sasa hilo hapo, linavutwa na viazi.

Zenobia aliruka chini kabla lori halijasimama sawasawa. Nyuma yake akashuka dada yake, Hilaria, mwanamke mnene mcheshi asiyeweza kuficha kicheko wala siri, nywele zimejaa karatasi za rangi, anajifuta machozi ya kucheka.

"Bwana Remberto! Toka nje!" Zenobia akafoka. "Aa, umeshatoka. Vizuri! Umeniuzia nini wewe?"

"Gari, Bi Zenobia."

"Hili ni gari? Hebu njoo ulitazame gari lako!"

"Lako, Bi Zenobia," Remberto akasema kwa adabu zake zote.

"Usinirekebishe! Limenizimikia kwenye pantoni pale Tiquina, katikati ya ziwa, maji kulia, maji kushoto, na honi inalia yenyewe kama imefiwa! Tumefika ng'ambo, haliwaki. Nyuma yangu malori yanatukana!"

"Bendi ya matarumbeta iliyokuwa ikivuka nasi ndiyo iliyotusukuma," Hilaria akadakia. "Wenye ngoma wanasukuma, wenye matarumbeta wanapiga. Watu wakadhani ni harusi. Kuna mzee alinipa mkono wa hongera na mfuko wa njugu."

"Nyamaza, Hilaria!"

"Nimenyamaza. Lakini bendi ilipiga vizuri."

"Kisha likawaka kidogo," Zenobia akaendelea, "likakohoa, likapanda mlima kwa mwendo wa kobe. Nawasha hita nipate joto, likanitemea karatasi usoni! Karatasi, bwana! Nusura nizimeze! Mwishowe likazima kabisa, tukalala garini, mpaka asubuhi huyu wa viazi akatuhurumia. Wewe ni mwongo! Ulinitazama machoni ukaniambia gari zima, kumbe bovu!"

Neno "mwongo" lilimwingia Remberto kifuani. Angeweza kuitwa mwoga, mzee, hata mlafi kwa sababu ya maandazi, asijali. Lakini mwongo, na yeye ndiye anayemwita! Akaona ndoto yake yote inaporomoka mbele ya watu, maana watu walishajaa. El Alto hapana haja ya kupiga mbiu. Piga honi tu.

Mbele kabisa alikuwa Don Policarpio, muuza kofia wa duka la jirani, mzee ambaye hakusomea sheria popote lakini anapenda kesi kuliko chakula. Alikuja na kigoda chake, akakiweka katikati ya barabara, akaketi.

"Tusikilizane!" akasema. "Bi Zenobia, Jumamosi gari lilikuwa linakwenda au halikwendi?"

"Lilikwenda," Zenobia akakiri shingo upande. "Lilikwenda vizuri sana."

"Na Jumapili?"

"Jumapili nililipeleka kanisani Kopakabana kwa Mama Bikira, likabarikiwe. Au ulitaka niliendeshe likiwa pagani?"

Watu wote wakaguna kwa kuafiki. Aa, hapo hapana ubishi. Gari lisilopelekwa kwa Mama Bikira na kunyweshwa bia yake nani atalipanda? Mwanamke mmoja akasema shemeji yake alikataa kulinywesha lake kwa ubahili, na wiki hiyo hiyo likaingia ndani ya duka la vioo.

Lakini Remberto akasogea hatua moja. "Mlilinyweshaje, Bi Zenobia?"

"Kama watu wote! Padri akalinyunyizia maji ya baraka, sisi tukamwaga bia, tukarusha karatasi na maua, tukalipua fataki."

"Mkamwaga kwenye magurudumu?"

"Magurudumu, milango, na injini."

"Injini... juu yake?"

"Ndani! Baraka ya juu juu ya nini? Hilaria alifungua kila chenye kifuniko."

"Mkono wangu mwepesi," Hilaria akasema kwa fahari.

Remberto akalisogelea gari polepole. Akafungua boneti, akaliinamia, mgongo wake ukawakinga watu wasione. Akafyatua vibanio vya kasha la kichujio cha hewa, akafunua, akachungulia. Toba! Mle ndani mlikuwa na uji. Uji wa bia, karatasi na maua, umeshindiliwa mpaka pembeni, unanuka kama baa siku ya pili ya sikukuu. Injini ingepumulia wapi? Gari lilikuwa zima kama alivyoliuza. Lilikuwa limelewa tu, na limekabwa koo.

Basi ushahidi ulikuwa mkononi mwake. Kugeuka tu, kuinua lile dude linalochuruzika, na jina lake lingesafishika papo hapo. Akawatazama watu kwa upande wa jicho. Don Policarpio amekaa tayari kutoa hukumu. Wanawake wa sokoni wamekaa tayari kucheka. Akasikia masikioni mwake watakavyosema: Zenobia amelikaba gari lake mwenyewe! Zenobia alikwenda kutafuta baraka, Mama Bikira akamkatalia! Wangeyasema hayo kibandani kwake kila asubuhi, mbele ya wateja, mpaka mvi zimwote. Wangeogopa kupanda gari lake. Na yeye Remberto ndiye angekuwa amewapa maneno hayo.

Akarudisha kifuniko. Akafunga boneti taratibu, akageuka.

"Ni kosa langu," akasema. "Nimeuza gari bovu, na nilijua. Bi Zenobia hana kosa lolote. Nitalitengeneza."

Watu wakaachia "Haa!" moja ndefu. Mteja aliyekuwa amemwagizia vazi la ngoma akatikisa kichwa, akaanza kuondoka. Don Policarpio alinuna kabisa. Kesi imekwisha mapema mno, hata kigoda hakijapata joto. Remberto akasimama pale, masikio yanamwaka moto, akasubiri Zenobia afurahie ushindi wake.

Zenobia hakufurahi hata kidogo.

"Kosa lako vipi?" akauliza.

"Langu tu."

"Gari ulilolisugua mpaka chini ya mazulia? Nani asiyekuona ukilala barabarani na mswaki? Kosa lako vipi?"

"Bi Zenobia, wewe mwenyewe umesema mimi mwongo."

"Mimi nimesema, ndiyo! Wewe ulitakiwa ukatae!" Sauti yake ikapanda mpaka honi ikawa kama inaona haya. "Mtu akigombezwa anajibu, tunabishana, unanikaribisha ndani, unanipa chai! Sasa ukikubali hivyo mimi nifanye nini? Niende nyumbani?"

Remberto akamkodolea macho. Hakuelewa hata chembe. Wanaume wengine bwana!

Hilaria alishindwa kuvumilia. Alikuwa ameziba mdomo kwa mtandio, mabega yanatikisika, sasa akautupa. "Zenobia, mwambie! Mwambie ulichomwomba Mama Bikira, la sivyo namwambia mimi, na mimi unanijua, nitatia chumvi!"

"Thubutu!"

"Mama Bikira, alisema dada yangu, huku amepiga magoti juu ya tairi..."

"Sikupiga magoti juu ya tairi!" Zenobia akapiga kelele. Kisha akavua kofia, akaishika kifuani kwa mikono miwili, na uso wake ukageuka rangi ya api. "Niliomba kasoro," akasema.

"Kasoro?" Don Policarpio akauliza, amefufuka.

"Ndogo! Nilisema, Mama, lipe gari hili kasoro ndogo tu, taa izimike, mlango ukwame, kitu cha kunipeleka kwake kulalamika. Maana huyu mtu kila siku anakuja kwangu, anakula, anafuta mdomo, anaondoka, hasemi kitu! Nikadhani labda akiwa kwake ulimi utafunguka. Siku nanunua nilimwuliza, lina tatizo gani? Akanijibu halina hata moja. Hata moja! Nani kwenye dunia hii anauza gari kuukuu lisilo na tatizo hata moja? Nilitoka pale nataka kulia. Nirudi kwake na nini mimi?" Akapumua. "Basi chupa ya pili nikaimimina mwenyewe, mle mle ndani, yote, huku naomba. Mama akanisikia kupita kiasi. Nilitaka kasoro jamani, sikutaka maafa! Na pantoni ilivyonitia hofu, na usiku ulivyokuwa wa baridi, nilipofika hapa hasira ikanipanda ya kweli, nikakuita mwongo. Nisamehe. Wewe si mwongo. Umedanganya mara moja tu, leo, kwa ajili yangu. Nilikuwa pembeni yako, nimekiona kile kifuniko ulivyokirudisha."

Mtaa mzima ukamgeukia Remberto. Hata mwenye lori, aliyekuwa amekuja kudai kamba yake, akaisahau.

Remberto alifungua mdomo. Watu wote wakainama mbele. Akaufunga. Watu wakarudi nyuma. Akaufungua tena.

"Nakupenda, Zenobia," akasema, bila Bi, bila adabu yoyote.

"Wa nyuma hawajasikia!" Don Policarpio akalalamika.

"Nakupenda, Zenobia!" Remberto akapaza sauti, na sasa kwa kuwa bomba limezibuka halikufungika tena. "Nakupenda tangu ulipofungua kile kibanda! Na andazi la jibini linanichoma tumbo! Kila siku linanichoma, kila siku nakula mawili ili nikae zaidi!"

"Linakuchoma tumbo?"

"Linanichoma vibaya sana."

Zenobia akaangua kicheko. Kicheko kile kilimtoka chini kabisa, kikamkunja kiuno, akashika mlango wa gari asianguke, na Remberto naye akaambukizwa, akacheka mpaka akakosa pumzi, na mtaa ukafuata, wanawake wa sokoni wanagongana viganja, Don Policarpio anagonga kigoda chini akitaka kusoma hukumu ambayo hakuna aliyeisikiliza. Zenobia akanyoosha mkono, akaushika mkono wa Remberto uliojaa bia na karatasi za rangi, akaushika mbele ya watu wote, wala hakuuachia.

Huko nyuma yao Hilaria alikuwa ameshafungua boneti, amefunua kile kifuniko, amekikomba kile kichujio kwa kijiko, amekikung'uta, amekikausha kwa sketi yake. Akaingia nyuma ya usukani, akazungusha ufunguo. Honi ikanyamaza, injini ikakohoa mara moja, ikakubali.

"Jamani, limewaka!" akapiga kelele. "Limewaka! Gari zima!"

Hakuna aliyegeuka kulitazama.