Abiria wa Vijiwe Viwili

1.

TANGAZO. Wateja wote mnaarifiwa kuwa umeme uliokatika juzi hautarejea hadi mtakapotangaziwa tena. Tunaomba radhi kwa usumbufu wowote utaka

(karatasi imechanika hapo)

2.

Mimi Gwakisa, bodaboda wa Kijiwe cha Mnarani. Pikipiki ya petroli niliiuza mwenyewe, tena kwa mbwembwe. Hii ya umeme haina moshi. Betri ikiisha unabadilisha kituoni, safari inaendelea. Leo betri za kituoni zote zimelala. Yangu imebakiwa na kidogo, na nyuma nimempakia Bibi Tulinagwe. Figo zake hazifanyi kazi, damu yake husafishwa kwa mashine hospitali. Juzi alikosa. Akikosa na leo

3.

Gari la wagonjwa, unauliza? Nalo ni la umeme, ndugu msomaji. Limechomekwa ukutani, linasubiri kama sisi. Bajaji za petroli zimegombewa tangu alfajiri. Usitucheke. Siku magari na pikipiki hizi za umeme zilipozinduliwa hata wewe ulipiga makofi.

4.

Rangi nyekundu, ukuta wa Kijiwe cha Sokoni:

BODABODA WA MNARANI MARUFUKU KUPAKIA AU KUSHUSHA HAPA

5.

Chaji imeisha.

Wapi?

Hapo hapo, chini ya maandishi.

"Hujui kusoma?" akauliza Ambakisye, bodaboda wa Sokoni. Yeye na Gwakisa walishikana mashati kwa sababu ya abiria, na hawajasalimiana tena.

"Najua. Mpeleke bibi, nakuomba."

"Abiria wako, mimi nimpeleke?"

"Wajukuu zangu," akasema Bibi, "ugomvi wenu mtaukuta kesho. Mimi hiyo kesho sina hakika nayo."

Ambakisye akageuza pikipiki yake.

"Panda, Bibi."

6.

Mimi Tulinagwe. Miguu imevimba. Naogopa. Sitaki kufia barabarani, tena na kanga ya kuazima.

7.

Mimi Ambakisye. Chaji yangu inafika chini ya mlima wa hospitali. Juu haifiki. Gwakisa ameacha pikipiki yake kijiweni kwetu, anatukimbilia nyuma, viatu mkononi.

8.

Mimi ni Atupele, nesi. Mashine inaendeshwa kwa jenereta, na mafuta yanakwisha. Daktari anasema kitanda cha Bibi Tulinagwe nimpe mwingine. Nimemwambia bado kidogo. Natoka getini. Simwoni mtu, ila chini ya mlima nasikia wanaume wawili:

"Sukuma wewe, mimi nishike usukani!"

"Usukani gani? Huyu abiria wangu!"

"Wetu, bwana! Wetu!"

Nyuma yangu jenereta inakohoa.

Halafu sauti ya Bibi, ndogo, yenye hasira:

"Sukumeni."