Ndege Aliyegeukia Mlango

Nikutegee? Ninaye ndege asiye na manyoya. Halishwi punje, hafungiwi tundu. Kila alasiri huingia chumbani, akapanda kitandani, na shuka halikunjiki hata kidogo. Usikimbilie kujibu. Kaa kwanza.

Ndege huyo alikuwa wa dada yangu. Tangu nyonga imgomee, dada hulala kwenye kitanda kilichoegemea ukuta, mto upande wa ndani, miguu upande wa mlango. Mbele yake kuna dirisha, na dirishani palikuwa na grili ya chuma. Marehemu shemeji aliichora mwenyewe kwa chaki sakafuni, na fundi wa enzi hizo akakunja nondo kwa kuifuata chaki: ndege mmoja mkubwa, mabawa wazi, mdomo ukielekea upande wa mto.

Jua likianza kushuka, kivuli cha ndege kilitambaa sakafuni polepole, kikapanda godoro, kikamlalia dada mapajani. Naye, macho nusu wazi nusu ndotoni, husema, "Huyo anakuja." Husema kama mtu aliyesikia viatu vya mumewe uani. Hapo ndipo hukubali kula. Kabla ya hapo, hata umbembeleze vipi, kijiko hakipiti.

Basi kutu ikaila grili ile. Siku moja naifuta kwa kitambaa, bawa likanibaki mkononi. Nikaenda kumwita Cheche, fundi wa kuchomelea mwenye banda pale mtaani kwetu.

"Fundi, nataka ndege yule yule, asipungue wala asizidi."

"Bibi, wenzako wananiagiza maua na nyota. Wewe unataka kuku?"

"Kuku ni wewe. Huyu ni ndege."

Akacheka mpaka kofia ikamdondoka. Akaing'oa grili, akaibeba begani, nami nikamfuata bandani nikakaa kwenye gogo. Aliilaza ile kuukuu chini, akapanga nondo mpya juu yake, mkunjo juu ya mkunjo, akachomelea. Nilifumba macho, lakini ule mwanga wa buluu hupenya hata kope. Nikawa kama naota nimekaa ndani ya radi isiyo na mvua. Alipomaliza, akasaga maungio ya upande wa juu mpaka yakawa laini kama mgongo wa kijiko. Upande wa chini akauacha na manundu yake.

"Mbona huku hujasaga?"

"Uso ni wa mtaani, bibi. Wapita njia ndio wanaoniletea kazi. Mgongo ni wa wenye nyumba."

Akaipaka rangi, akaifunga dirishani kwa skrubu, akaenda zake anapiga mluzi.

Alasiri kivuli kikaingia. Dada akakitazama. Akakitazama tena.

"Mdogo wangu, mbona anatoka?"

Nami nikaona. Mdomo ulikuwa umeelekea mlangoni.

"Dada, si kivuli tu?"

"Siku hizi hata wewe nakuona kama kivuli. Nikuache?" Akageukia ukuta. Chakula kikapoa. Kesho yake vivyo hivyo, akaninong'oneza, "Amekuja kuaga. Kama yeye anatoka, mimi nabaki kumngoja nani?" Nikamshika mkono. Ulikuwa mwepesi kama glavu tupu.

Nikarudi bandani. "Cheche, ndege wako kageuka."

"Bibi, chuma hakigeuki!" Lakini akaivuta grili kuukuu kutoka nyuma ya banda, akaipangusa. Upande mmoja ulikuwa bado na madoa ya rangi ya kuta za chumbani. Akashika kiuno. "Lo! Niliilaza upande wa ndani ukiwa juu. Nikausaga huo huo, nikaufunga nje."

"Basi igeuze."

"Manundu yatatazama mtaani! Watasema Cheche anachomelea huku anasinzia."

"Saga na huko."

"Nikisaga pande zote mbili maungio yanabaki ngozi tu, mtu akiegemea yanaachia. Subiri, nitakutengenezea nyingine nikimaliza geti la shule."

"Dada yangu hawezi kusubiri geti la shule, mwanangu. Njoo umwambie mwenyewe."

Alikuja kanuna, bisibisi mfukoni, akakaa kwenye kigoda kando ya kitanda. Chumba kilikuwa kimya, vumbi linaelea kwenye mwanga.

"Nani huyo?" dada akauliza, uso ukutani.

"Fundi wa ndege."

"Umemfukuza, baba."

Kivuli kilikuwa kimefika kwenye goti la Cheche, kikapanda mkono wake wenye makovu ya cheche, kikavuka kuelekea kitandani, mdomo ukitazama mlango. Akauacha mkono pale pale, kama mtu aliyetuliwa na ndege akaogopa kumshtua.

"Kumbe anatembea," akasema. "Miaka yote naweka vyuma madirishani, sijawahi kukaa upande huu."

Akasimama, akafungua skrubu, akaigeuza grili, akaikaza. Kisha akatoka nje kuitazama. Muuza mkaa alikuwa anapita.

"Cheche! Kazi yako hiyo, au nyigu wamejenga?"

"Uso uko ndani," Cheche akamjibu. "Ukitaka kuuona, piga hodi."

Mimi nilikuwa nimebaki ndani. Ndege alipanda godoro, akafika mapajani, mdomo upande wa mto. Dada aligeuka kidogo kidogo, kama mlango mzito. Akaweka kiganja juu ya kile kivuli, kivuli nacho kikaja juu ya kiganja.

"Huyo anakuja," akasema. Halafu, "Mdogo wangu, kijiko kiko wapi? Na huyo fundi, mwite ndani. Mtu hali nje kama mgeni wa kufukuzwa."